Jitu la Chuma Lililotafuna Kahawa Nyumbani Kwangu

Najua utakachosema. Utasema, huyu si yule mtafsiri wa filamu wa Omurushaka, anayeweza kuchukua sinema ya watu wawili wanaokunywa chai akaitafsiri mpaka ikawa na vita ndani? Ndiyo, ni mimi. Kazini naongeza chumvi, sikatai. Watu hawaji kwenye banda la video kusikia nini kilisemwa, wanakuja kusikia mimi nimesema nini. Lakini hili ninalokusimulia sijaliongeza hata punje. Lilitokea kwangu, Nyakasimbi, ndani ya kibanja changu, mke wangu akiwepo, na mke wangu haongopi hata kwa mzaha. Kama bado unabisha, njoo nikuonyeshe mahali migomba ilipolala na mpaka leo haijainuka.

Kwanza uelewe kazi yangu. Nina chumba nyuma ya duka la simu, ukutani nimebandika vipande vya godoro ili sauti isirudi, nina kompyuta na maiki. Napata filamu ya Kikorea, ya Kichina, ya Kihindi, nasoma yale maandishi ya chini, halafu nazungumza juu yake kwa Kiswahili chetu cha huku, na penye kunoga natupia Kinyambo. Nikimaliza naweka kwenye flash, zinasambaa Karagwe yote na Kyerwa mpaka kwenye senta ambazo mimi mwenyewe sijafika.

Msimu wa mvua uliopita nikapata katuni ya Kijapani, ndefu, ya sehemu nyingi. Watoto wa sekondari wanachaguliwa kuingia ndani ya majitu ya chuma, marefu kuliko mnara wa simu, wapigane na viumbe wanaoshuka kutoka angani. Unadhani ni mambo ya watoto? Subutu. Mtoto anakaa kwenye kiti ndani ya kifua cha jitu, nyaya zinamshika uti wa mgongo, mlango unafungwa, na kuanzia hapo jitu likiumia naye anaumia. Kila akishuka anakuta amesahau kitu. Kwanza jina la mbwa wao, kisha njia ya kwenda nyumbani, kisha uso wa mama yake. Mwisho hashuki tena, na jitu linaletewa mtoto mwingine. Nimetafsiri filamu za kutisha nyingi, lakini ile ilinifanya nizime kompyuta nitoke nje kuangalia watu wanaouza nyanya.

Jitu kubwa kuliko yote lilikuwa jekundu la kutu, lina pembe mbili zilizopanuka kama za ng'ombe wetu wa huku. Nikalipa jina la Bihogo, kama wafugaji wanavyomwita ng'ombe wa rangi hiyo. Jina likapendwa kupita kiasi. Tatizo likawa yule mtoto aliye ndani, niliyemwita rubani.

Ma Shubi, mwenye banda la video huko Kyerwa, alinipigia simu. "Waitu, ndugu yangu, huyo rubani ni nani? Watu wangu wanauliza ndege iko wapi."

Nikabadilisha, nikasema dereva. Wakacheka, wakauliza kama ana leseni. Nikajiuliza, mtu anayeingiliana na kitu kikubwa kuliko yeye, akatetemeka, akapiga kelele kwa sauti isiyo yake, akishatoka hakumbuki alichofanya, sisi huku tunamwitaje? Jibu likaja lenyewe. Embandwa.

Kama wewe si wa Kagera, nikueleze. Zamani, kabla babu zetu hawajabatizwa, embandwa alikuwa mtu ambaye mizimu ilimpanda kichwani ikasema kwa kinywa chake. Neno hilo siku hizi halitajwi mezani. Nilipoliweka kwenye katuni, Ma Shubi alinipigia tena, safari hii kwa sauti ya chini. Alisema banda zima lilinyamaza, na hakuna aliyeuliza swali tena. Mimi nikajiona fundi. Sikuona tundu lililokuwa kwenye neno lile, nalo lilikuwa wazi kabisa. Rubani ndiye anayeendesha. Embandwa ndiye anayeendeshwa.

Sauti ya msichana aliye ndani ya Bihogo aliifanya binti yangu, Kokugonza. Ana miaka kumi na mitano, ndiye mtoto wetu pekee, na ana sauti inayopanda na kushuka bila kukwaruza, kairithi kwa mama yake mwanakwaya. Kuna mahali msichana yule anasimama mbele ya jitu kwa mara ya kwanza na kulipigia kelele. Koku akasoma karatasi niliyomwandikia, akanitazama.

"Baba, nilitaje kweli hili neno?"

"Ni katuni tu, mama. Soma kwa moyo."

Akasoma kwa moyo. "Bihogo! Mimi ni embandwa wako! Njoo unichukue!" Nakwambia, nywele zilinisimama, nikamsifu. Mzazi gani asingemsifu?

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili jioni, mvua imetoka kukatika, ukungu unapanda kutoka bondeni upande wa Kiruruma. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Mama Koku alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa sebuleni na taa ndogo ya sola nahangaika na spika iliyogoma, Koku yuko uani anamenya ndizi na kuimba. Jirani yetu ni mfugaji, na saa zile ng'ombe wake wanarudi zizini kwa kelele nyingi. Nikasikia kelele zimekatika zote kwa pamoja. Kisha nikasikia Koku naye ameacha kuimba.

Akaingia. Hakuingia kwa mlango wa jikoni kama watu wa nyumbani. Alizunguka, akaja mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kile tunachowawekea wageni. Mgongo umenyooka, mikono kwenye magoti, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu. Akanitazama. Nikangoja anisalimie. Naye nikaona ananingoja mimi.

Hebu fikiria. Mtoto niliyemzaa, niliyembeba mgongoni akiwa na degedege, ananingoja nimwamkie. Na mdomo wangu, niamini, ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Sauti ilikuwa ya Koku, lakini ilitokea mbali nyuma yake, na vikombe kabatini vilitetemeka. Mvuke ulitoka kinywani mwake. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi kama bati la asubuhi. Nikakimbilia mlangoni kuita watu, na hapo ndipo nilipoliona.

Lilikuwa limesimama nje ya kibanja, barabarani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Nilianza kuona vidole vya chuma kwenye tope, kila kimoja kikubwa kuliko pikipiki. Nikapandisha macho. Magoti yalikuwa juu ya vilele vya miti ya migrivea. Kifua chekundu cha kutu kilikuwa kinatiririsha maji ya mvua, na juu kabisa, ukungu ulipopasuka kidogo, nikaziona pembe. Zilikuwa zimepanuka kutoka shamba la jirani wa huku hadi la jirani wa kule. Ndani ya chuma kile kitu kilikuwa kinapumua. Lilipovuta pumzi migomba yangu yote iliinama kulielekea, na lilipotoa, ikarudi. Kwa jirani ng'ombe wote walikuwa wamepiga magoti wanalitazama.

Niliogopa, sitaki kukudanganya. Lakini hofu haikuwa kubwa kuliko kile kingine, na kile kingine sina jina lake, mimi ninayelipwa kwa kuvipa vitu majina. Ulishawahi kusimama mbele ya kitu ukaona aibu kuwa umevaa kandambili? Nilitamani kulia. Kitu nilichokifanyia mzaha kwenye maiki kilikuwa kizuri namna ile, na kilikuwa kimekuja kumchukua mtoto wangu.

Nikarudi ndani, nikajaribu kukemea kama ninavyowasikia wahubiri wa sokoni. Sauti yangu hii, inayowafanya watu wazima waruke kwenye mabenchi, ilitoka kama ya kifaranga. Mgeni alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Uliniita," akasema kwa kinywa cha Koku. "Ukanitajia embandwa wangu. Nimekuja kumchukua."

"Huyo ni binti yangu. Koku! Koku, mimi baba yako."

Macho yake yakanizunguka usoni, yakitafuta. Kisha Koku mwenyewe, kwa sauti yake ndogo kabisa, akauliza, "Baba nani?"

Nilielewa. Kusahau kumeshaanza. Katuni nzima nilikuwa naijua, nimeitafsiri kwa kinywa changu. Mlango wa kifua ukishafungwa, hata akirudi atakayerudi si yeye. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu.

Hapo nikasikia pambio likija gizani. Mama Koku alikuwa anarudi, kitabu cha nyimbo kwapani, anapitia njia ya mkato ya jikoni. Baadaye aliniambia kuwa alipita katikati ya miguu ya lile jitu akidhani ni nguzo mpya za umeme, akamshukuru Mungu kwamba hatimaye wametukumbuka.

Aliingia, akaona kivuli cha mtu kwenye kiti cha mlangoni, na mimi nimepiga magoti. Taa ilikuwa hafifu. Alichosema ni hiki: "Mgeni amekaa mkavu hivi, na wewe unamtazama tu?"

Unajua nyumba za huku. Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajapewa akamwani, ile kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa juani. Mama Koku akikutana na mgeni mikono yake hufanya kazi kabla ya macho. Akachukua kikapu kidogo chenye mfuniko kutoka juu ya kabati, akakifungua, akapiga goti kidogo, akakinyoosha kwa mikono miwili. Ndipo alipoinua uso akaona kuwa mgeni ni mtoto wake, na kwamba mtoto wake hayumo.

"Mawe!" akasema taratibu, yaani mama yangu.

Lakini kikapu kilikuwa kimeshanyooshwa. Mimi ningekivuta. Yeye hakukivuta. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema, "Mtu unampokonyaje mgeni kahawa?" Hilo ndilo jibu lake mpaka leo. Mgeni alikitazama kikapu muda mrefu. Kisha ule mkono wa baridi ukachukua punje, ukaitia kinywani, akaitafuna.

Zamani wazee wetu walifanya udugu wa damu kwa punje za kahawa. Mtu mliyetafuna naye huwezi kumdhulumu. Sijui kama jitu lile lilijua hayo. Ninachojua ni kwamba lilipotafuna, kule nje kupumua kulisimama. Akachukua nyingine, na nyingine. Macho ya Koku yakaanza kutoa machozi, na uso wenyewe umetulia. Mkono ulikuwa unakwenda na kurudi, na kila ulipokwenda niliona kama si mkono uleule. Mara ulishika kwa woga, mara kwa pupa, mara kama wa mtoto mdogo asiyejua kama ameruhusiwa. Kikapu kile kilikuwa kimejaa kwa ajili ya wageni wa mwezi mzima. Kikaisha.

"Habari za huko mnakotoka?" Mama Koku akauliza. Aliuliza kwa sababu mgeni akishatafuna anaulizwa habari.

"Tunatoka mbali," mgeni akajibu. Nikashtuka. Kwanza alikuwa anasema *nimekuja*, sasa anasema *tunatoka*. "Hatukumbuki ni wapi. Huko hakuna anayetuuliza habari." Akautazama mlango. "Tunaomba ruhusa twende. Njia ni ndefu."

Akasimama, yaani Koku akasimama, akaelekea mlangoni. Mimi nikaruka kufunga kitasa. Mama Koku akanishika mkono.

"Mgeni amekula kwetu. Tunamsindikiza."

"Una akili wewe? Umeona kilichoko nje?"

"Nimeona," akasema. "Shika taa."

Basi tukatoka. Mama Koku alimshika binti yake kiganja, wakatembea pamoja kati ya migomba, mimi nyuma na taa. Kila hatua lile jitu lilizidi kupanda, mpaka likawa halina tena juu. Kwenye mpaka wa kibanja chetu kuna mti wa omuramura, ule wanaoupanda wazee kuonyesha shamba la mtu linapoishia. Tulipoufikia, Mama Koku akasimama.

Chuma kikalia. Jitu likapiga goti, na hapo ndipo migomba ya pembeni ilipolala. Kifua kikashuka mpaka usawa wetu, mlango ukafunguka, mwanga mweupe ukatoka. Nikaona kile kiti. Kilikuwa kidogo, cha kimo cha mtoto, kimechakaa pale mikono inapokaa. Nikafikiria ni watoto wangapi walioshika hapo mpaka chuma kikalika, na moyo ukaniuma kwa ajili ya watu ambao siku zote nilijiambia ni michoro.

Koku akainua mguu. Mama Koku hakumvuta, hakupiga kelele. Alisema kama anavyomuaga mgeni yeyote wa Jumapili.

"Sisi tunaishia hapa. Huyu mtoto wangu ni wa kusindikiza, si wa kusafiri. Asanteni kwa kuja."

Mguu wa Koku bado uko hewani. Nilikuwa nahisi jitu linatutazama, na sikuthubutu kutafuta macho yake. Na Mama Koku, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kwa kuwa kwaheri ya kwetu haikamiliki bila hayo, akamalizia:

"Karibuni tena. Hapa ni kwenu nyote."

Ulishawahi kusema maneno hayo? Umeshayasema mara elfu. Nani anayeyachukua kama yalivyo? Lakini fikiria umemwambia mtu aliyesahau kwao ni wapi.

Mwanga ule ukatetemeka. Upepo wa joto ukatoka kifuani mwa jitu, ukatupita, ukaingia kwenye kibanja kuelekea nyumbani, na majani makavu yakachakarisha chini kama yanakanyagwa na miguu myepesi, mingi. Koku akashusha mguu wake upande wetu wa omuramura. Kiganja chake kikapata joto mkononi mwa mama yake. Akasema, "Mama, nasikia njaa." Mama Koku akakaa chini kwenye tope na nguo zake za kanisani, akamkumbatia akilia. Nami nililia, tena kwa sauti.

Jitu likainuka, jepesi kuliko lilivyokuja. Likageuka, likaenda magharibi kuelekea bonde la mto. Hatua zake hazikuwa na kishindo chochote. Pembe zilikuwa za mwisho kuingia kwenye ukungu. Nilisimama nikizitazama, na ingawa nilitaka liende lisirudi kamwe, nilisikitika lilipotoweka.

Kesho yake Ma Shubi akanipigia kutoka Kyerwa, hasira zimempanda. "Umeniuzia katuni gani hii? Mbona watoto hawamo?" Nikafungua kompyuta. Jitu linapigana, linaanguka, linainuka, mlango wa kifua unafunguka, na kiti ni kitupu. Sehemu zote, za mwanzo mpaka za mwisho. Hakuna mtoto hata mmoja. Nilimrudishia Ma Shubi chake, na katuni ile nikaifuta. Neno lile silitamki tena kwenye maiki, na filamu za watoto sitafsiri.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Unapomwita asiyekuwepo, angalia unamwita kwa neno gani. Na unapomuaga mgeni usiyemjua atokako, fikiri kabla ya kumwambia kwamba nyumba yako ni kwao. Lakini kahawa mpe. Kahawa usimnyime mtu.

Koku hajambo. Anasoma, anaimba kwaya, anabishana nami kama zamani. Ila tangu jioni ile hasemi tena *mimi*. Anasema *sisi*. "Sisi tumeshiba, mama." "Baba, tunaenda kisimani." Shuleni wanadhani ni madaha ya wasichana. Mama Koku siku hizi anapika sufuria ya shughuli kwa ajili ya watu watatu, na asubuhi sufuria ni nyeupe. Hatulizungumzii. Mwanzoni nilitaka kuita mchungaji, mke wangu akanitazama tu, nikaacha.

Na kila jioni ukungu ukipanda, kabla ya kuteremsha komeo la mlango wa jikoni, anaita kuelekea chumbani kwa Koku, "Mmeingia wote?"

Koku anajibu, na ninapojibana karibu na ukuta nasikia kama hajibu peke yake: "Tumeingia wote, mama."